Mzee aliyenifundisha kazi amekwama kwenye mfumo mpya, na bosi anataka aondoke

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msimamizi wa stoo kwenye kampuni inayouza vipuri vya magari kwa jumla. Godauni letu liko Vingunguti, Dar es Salaam, na wateja wetu wengi ni wenye maduka ya Gerezani na Kariakoo, pamoja na wachache wa mikoani. Nina miaka 34. Niliingia hapa nikiwa sijui bushi wala beringi, na aliyenifundisha kazi yote ni mtunza stoo mmoja ambaye sote tunamwita Mzee. Ana umri wa miaka 57, na kwenye kampuni hii ana miaka 22.

Mwaka huu tumeachana na leja. Umeletwa mfumo wa kompyuta pamoja na vimashine vya mkononi vya kuskani. Kila boksi linabandikwa stika ya mistari. Mzigo ukiingia unaskaniwa, ukitoka unaskaniwa, na ofisi kuu Posta wanaona palepale. Mafunzo yalikuwa Jumamosi moja, tangu asubuhi hadi saa saba. Fundi wa kampuni iliyouza mfumo alituonyesha picha ukutani kwa Kiingereza, tukala, tukapewa vyeti. Jumatatu yake leja zikafungiwa kabatini.

Vijana waliushika upesi. Mama mmoja wa dirisha la kutolea mzigo, naye mtu mzima, alihangaika sana lakini sasa anakwenda vizuri. Mzee ndiye amekwama. Akikishika kile kimashine anakipeleka mbali na uso, anakirudisha karibu, anakipeleka tena, kidole kinabaki hewani. Akikosea kinalia, na vijana wanacheka. Nimemkalisha mara kadhaa baada ya kazi kumwelekeza. Ananijibu, "Nimekuelewa mama, nimekuelewa," kesho yuko palepale. Cha ajabu, mtu huyuhuyu kila mwisho wa mwezi huwatumia ndugu zake wa Lindi hela kwa simu bila kumwomba mtu msaada.

Juzi nimegundua kwamba kijana mmoja amekuwa akimwingizia kazi kwa nywila yake. Mzee anahesabu mzigo, anamtajia, dogo anaandika kwa jina lake mwenyewe. Wanasema wanasaidiana. Lakini hesabu ya mwezi imeonyesha upungufu wa filta za oili, na kwenye mfumo aliyezitoa ni dogo. Sasa amekosa raha, na mimi bado sijamwambia bosi.

Bosi naye ameshatamka kwenye kikao kwamba mwisho wa mwezi ujao, asiyeuweza mfumo akatafute kazi kwingine. Alipokuwa akisema alimwangalia Mzee. Tangu siku hiyo Mzee hanywi chai na sisi. Ameniuliza, "Mama, utanitetea?" Nikashindwa kumjibu. Nikimbana naona namvunjia heshima mtu aliyenilea kikazi, nikimwacha atafukuzwa, na mimi pia nina kibarua changu cha kulinda. Nifanyeje?

Msimamizi wa stoo, Vingunguti

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na nywila, maana hiyo haisubiri. Leo hiihii waite wote wawili faragha, uwaambie kwamba kuanzia sasa kila mtu anaingia kwa jina lake. Ikibidi Mzee aingize boksi tano kwa saa nzima, aingize hizo tano. Nywila ni sahihi ya mtu. Dogo alifanya kwa moyo mzuri, lakini siku mkaguzi akifungua mfumo hataona moyo wa mtu, ataona jina. Kisha nenda kwa bosi ukamweleze mwenyewe kabla hajaelezwa na ripoti. Mwambie ulichokigundua, ulichokizuia, na kwamba chanzo chake ni mafunzo ya nusu siku. Ukizidi kunyamaza, hutakuwa tena msimamizi aliyegundua tatizo. Utakuwa wa tatu kwenye tatizo.

Kabla ya kwenda, kazihesabu upya zile filta. Mnauza kwa jumla, kwa hiyo kinywani mwa Mzee "mbili" ni boksi mbili. Ameisema hivyo miaka 22 na leja ilimwelewa, kwa sababu aliyeiandika leja alikuwa yeye. Dogo akisikia mbili anaandika 2. Ikiwa mfumo umepangwa kuhesabu filta mojamoja, na boksi lina filta 12, zimetoka filta 24 lakini mfumo umepunguza 2. Hapo zinabaki filta 22 ambazo kwenye kompyuta zipo na rafuni hazipo. Rudia mara chache kwa mwezi mmoja na mtu ataitwa mwizi bure. Sikuambii kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nakuambia chukua karatasi za kutolea mzigo za mwezi huo, zilinganishe na mfumo mstari kwa mstari, na uangalie kama upungufu unagawanyika kwa idadi ya filta zinazobaki kila boksi linapoandikwa moja. Makosa ya kipimo yapo karibu kila ghala linapohama kutoka kwenye vitabu, na hayana uhusiano wowote na umri wa mtu.

Sasa Mzee. Umeniandikia mambo mawili bila kuyapa uzito, nami naona jibu lako limo humo.

La kwanza ni kile kimashine anachokipeleka mbali na uso. Mwanangu, huyo mtu haoni. Macho ya kusomea karibu huanza kupungua nguvu kwa watu wengi wakishavuka miaka 40, na yeye ana 57. Leja ilikuwa na mistari mipana na yeye aliijaza kwa maandishi yake mwenyewe, angeweza kuisoma hata taa zikififia. Leo amepewa kioo cha upana wa vidole vinne chenye herufi za sisimizi, ndani ya godauni. Akikuambia amekuelewa, hakudanganyi. Anakuelewa unapoeleza, halafu akibaki peke yake haoni cha kubonyeza, na mtu mzima wa heshima zake hawezi kusema mbele ya vijana kwamba haoni. Mwombee ruhusa ya nusu siku akapimwe macho hospitali. Asiishie kununua miwani ya barabarani, kwa sababu kwa umri wake inafaa pia apimwe presha ya macho. Wakati huohuo mwambie fundi wa mfumo aongeze ukubwa wa herufi, na ombeni taa moja ya nguvu pale kwenye meza ya kupokelea mzigo.

La pili ni hela za Lindi. M-Pesa ilifika nchini mwaka 2008, Mzee akiwa tayari mtu mzima, na hakuna aliyemfungia darasa la Jumamosi. Anabonyeza *150*00#, anachagua namba, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri, hela inafika. Ni hatua nyingi, na akikosea ni fedha yake inayopotea, lakini anaweza. Anaweza kwa sababu menyu inamsemesha kwa Kiswahili, kwa sababu kabla ya kutuma inamwuliza ahakikishe jina, kwa sababu hatua ni zilezile kila mwezi, na kwa sababu hakuna mtu anayemcheka mgongoni. Mtu anayeweza hivyo anaweza mfumo wa stoo. Kilichobaki ni kuuleta kazini kwake kwa namna hiyohiyo.

Kaa na yule mama wa dirishani, mwandike kila neno la Kiingereza linalotokea kwenye kioo, na mbele yake neno mnalolitumia nyinyi: kupokea mzigo, kutoa mzigo, kuhamisha rafu, kurekebisha idadi. Chapisheni kwa herufi kubwa, mbandike ukutani na nyuma ya kimashine chenyewe. Kisha mwulize aliyewauzia kama maneno ya kwenye kioo yanaweza kubadilishwa. Mifumo mingi inaruhusu hilo, ila muuzaji hasemi asipoulizwa. Mwulize pia kama kuna sehemu ya mazoezi, ambayo mtu akikosea haigusi hesabu halisi. Kama ipo, Mzee aanzie humo.

Mwalimu wake awe huyo mama. Wewe ni bosi wake sasa, hata kama alikufundisha, na akikosea mbele yako anahisi anakosea mbele ya kampuni. Dogo anajua mfumo lakini ana mikono miepesi, atamnyang'anya kimashine na kumaliza mwenyewe. Mama aliushika kwa kuhangaika, kwa hiyo anakumbuka ni wapi mtu hukwama. Mpe sharti moja tu, kwamba anapofundisha mikono yake iwe nyuma. Aseme, asishike. Kimashine kibaki mkononi mwa Mzee mwanzo hadi mwisho, hata kikilia. Waanze na kupokea mzigo peke yake, kontena halisi, boksi halisi, mpaka aseme mwenyewe kwamba sasa anataka kujifunza kutoa.

Na iwe ndani ya saa za kazi. Ulikuwa unamkalisha jioni, wakati mtu amesimama kutwa, kichwa chake kiko kwenye daladala na giza linaingia. Hapo hata wewe usingejifunza. Kampuni iliyopata fedha ya kununua mfumo ina wajibu wa kutoa muda wa saa moja asubuhi kabla malori hayajapanga foleni.

Utaambiwa pia mpelekeni VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Ni wazo zuri, ila si la sasa. Chuo chao cha TEHAMA kiko Kipawa, si mbali na hapo mlipo, na kozi fupi za kompyuta zitawafaa wengi wenu. Kwanza Mzee aiweze kazi yake ya kila siku, hofu imtoke. Kozi ya kuandika barua na kutengeneza majedwali haitamsaidia mwisho wa mwezi ujao. Baadaye, kama bosi atalalamikia gharama za mafunzo, mkumbushe kwa adabu kwamba mwajiri mwenye watu 10 na zaidi tayari anakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayokwenda VETA.

Jambo hili linaniumiza, kwa sababu nimeliona sehemu nyingi hapa mjini. Mfumo unapokuja, wazee wa kazi huhesabiwa kuwa mzigo wa kubebwa, na hakuna anayewauliza wanajua nini. Nina hakika orodha ya bidhaa kwenye mfumo wenu ina vitu vilivyoandikwa mara mbili: beringi ileile, boksi la rangi nyingine, namba nyingine, na kompyuta inadhani ni bidhaa mbili. Mteja anaambiwa imekwisha wakati iko rafu ya pili. Nani anajua kwamba hizo mbili ni moja? Mweke Mzee na dogo meza moja, wapitie orodha rafu kwa rafu. Dogo aandike, Mzee aseme hii na hii ni moja, hii haitoki tena, hii inauzwa kwa jozi. Dogo ataingia kwa nywila yake kihalali, na Mzee atazoea kioo bila kuhisi kwamba yuko shuleni.

Kuna na suala la vipuri feki. Soko letu unalijua. Kimashine kinasoma stika tu. Stika ikiwa sahihi, kinakubali, hata kama ndani ya boksi kuna brekipedi itakayoyeyuka kwenye mteremko wa Kitonga. Mzee anaijua kwa uzito mkononi, kwa uchapaji wa boksi, kwa harufu ya mpira. Hilo ndilo la kumwambia bosi kwa sauti, kwamba akimwondoa Mzee atabaki na mfumo unaohesabu kwa usahihi mkubwa mali isiyokaguliwa na mtu. Pendekeza kazi yake ipangwe upya, awe mkaguzi wa mzigo unaoingia, akitumia kimashine kwa kupokea tu. Hiyo ni kazi kamili, wala si sadaka.

Tukija kwa bosi na ile kauli yake ya kikaoni, ijue sheria, ili ukae mbele yake bila kutetemeka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za utendaji bora ni za mwaka 2007. Zinatambua kwamba teknolojia mpya inaweza kubadilisha kazi za watu au kuziondoa kabisa. Lakini mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu hiyo, kifungu cha 38 kinamtaka atoe notisi ya kusudio lake, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua: sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepuka au kupunguza uachishaji huo, watachaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Na akisema kwamba hapunguzi watu, ila Mzee hawezi kazi, hapo kanuni zinamtaka achunguze kwanza kwa nini mtu hawezi, ampe maelekezo na mafunzo yanayohitajika, na ampe muda wa kutosha wa kurekebika. Mafunzo ya Jumamosi moja kwa lugha asiyoimudu, kwa mtu asiyeona kioo, sidhani kama msuluhishi yeyote atayaita mafunzo.

Usimfikishie bosi haya kwa vitisho. Wenye kampuni wengi hawazijui kanuni hizi, na huzijua wakiwa wameshaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mwambie unamkinga na kesi. Kama kazini kwenu kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, au la chama kingine, kiongozi wa tawi awe anajua mapema.

Upande wa Mzee, naye ajue anasimama wapi. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, na hesabu inakomea miaka 10. Miaka yake 22 kwa hiyo inahesabiwa 10, yaani siku 70. Ni kidogo kwa mtu aliyetumika hivyo, na ndiyo sababu napigania abaki. Mkataba unaweza kuwa na zaidi, autafute ausome. Kuna na notisi, likizo asiyochukua na michango yake ya NSSF, ambako kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Asiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira au kwa aibu, hata akishauriwa na nani. Na akiachishwa akaona hakutendewa haki, ana siku 30 tu za kufika CMA. Wengi hukaa nyumbani wakisubiri kuitwa, siku zikapita.

Kwa bosi omba miezi mitatu, na uende na mpango ulioandikwa kwenye ukurasa mmoja: macho na herufi wiki hii, kupokea mzigo mwezi wa kwanza, kusafisha orodha mwezi wa pili, kutoa mzigo mwezi wa tatu. Usiombe leja zirudi. Najua zingemtuliza Mzee, lakini mkiendesha vyote viwili mtafanya kazi mara mbili, hesabu zitagongana, na kila mtu atakimbilia anachokizoea.

Ameuliza kama utamtetea, nawe ukanyamaza. Mfuate, mkae nje mbali na vijana, umwambie kweli yote: kwamba utakwenda kwa bosi kwa ajili yake na utasema hivi na hivi, kwamba huwezi kumwahidi bosi atakubali, na kwamba upande wake unamtaka mambo matatu, akapime macho, aache kutumia jina la dogo, na ashike kimashine kila siku hata akikosea. Kumwambia hivyo si kumkosea adabu. Ndivyo alivyokufanyia wewe ulipokuwa hujui bushi wala beringi, au sivyo ungekuwa hapo ulipo?

Wale wanaocheka waite mmojammoja, uwaambie kicheko kimekwisha. Aliyezidi mpe kazi ya kuhesabu rafu ya vipuri vya zamani bila mfumo, na Mzee awe mkaguzi wake.

Ukishapata majibu ya zile filta, niandikie. Kama upungufu ni wa boksi na kipande, bosi aandikiwe siku hiyohiyo, na jina la dogo lisafishwe mbele ya watu walewale walioisikia ile hesabu ya mwezi.